Kona ya Kompyuta: Hifadhidata Iliyolala

Wengi mmetuuliza ilikuwaje hazina yetu ya maneno ikagoma kufunguka jioni ile ya wageni. Jibu lina aibu kidogo, lakini tunalitoa.

Maneno yote tuliyokusanya kwa wazee wa Unguja na Mombasa wanaoishi hapa Uingereza yamo katika kompyuta kuukuu ofisini kwa mwalimu, ndani ya hifadhidata ya MariaDB, juu ya mfumo wa Fedora. Wakati wa likizo umeme wa jengo ulikatwa kwa matengenezo. Uliporudi kompyuta iliwaka yenyewe, tukaiona taa ya kijani, tukaridhika. Kumbe mashine imeamka, hifadhidata bado imelala! Bibi mmoja aliyetupa maneno 40 ya usukaji, tangu chane hadi ukili, alikuja na wajukuu wake ili wayaone. Tukawaonyesha kioo kitupu.

Kosa lilikuwa letu. Siku ya kuisimika tuliandika:

sudo systemctl start mariadb

Amri hiyo huwasha huduma sasa hivi tu, haijui habari ya kesho. Ya kesho ni enable. Hiyo huweka kiungo ambacho systemd, programu inayoamsha huduma nyingine kompyuta inapowaka, hukifuata kila mara. Lakini enable peke yake haiwashi kitu leo. Kwa hiyo tumeziunganisha:

sudo systemctl enable --now mariadb

Kisha tukauliza:

systemctl is-enabled mariadb

Ikajibu enabled. Kwenye Debian na Ubuntu huduma hii huandikishwa yenyewe inaposakinishwa, ndiyo maana mwenzetu aliyezoea Ubuntu hakushuku lolote. (Hatumtaji. Chai ameshatununulia.)

Hata hivyo hatukuamini jibu hilo peke yake. Tuliizima kompyuta na kuiwasha mara tatu, kisha tukafungua hazina kwa simu kutoka maktaba, bila mtu kugusa kibodi ofisini. Mara zote tatu ukili ulionekana.

Bibi tumempigia simu kumwomba radhi. Atakuja tena Alhamisi ijayo, saa kumi na moja jioni, na safari hii anasema atabeba ukili wenyewe mkobani, endapo kompyuta yetu itasinzia tena.