Neno la Mhariri: Kituo cha Ndege Mbuai Kipimwe kwa Lipi?

Ndege mbuai ni wale wanaoishi kwa kuwinda au kula mizoga, wakitumia kucha zenye nguvu na mdomo uliopinda, na miongoni mwao wamo tai, kozi, mwewe, pungu, furukombe, tumbusi na bundi. Katika miongo ya karibuni vimeanzishwa, sehemu mbalimbali za dunia, vituo vinavyowapokea ndege hao wanapojeruhiwa, vinavyowatibu, vinavyowazalisha pale spishi inapokaribia kutoweka, na vinavyowafungulia watu milango waje kuwatazama kwa karibu. Toleo hili linahusu vituo hivyo, na hoja inayoliunganisha ni kwamba thamani ya kituo haitokani na wingi wa ndege walio mabandani wala na ustadi wa maonyesho yake, bali na kiasi ambacho majeraha yanayotibiwa humo yamesababisha jambo kubadilika kule ndege walikojeruhiwa. Mgeni anayetoka amefurahi, lakini hajui ni kitu gani kilichomvunja bawa ndege aliyemtazama, amepata nusu tu ya kile alicholipia kiingilio.

Haja ya kuwa wakali kiasi hicho inatokana na hali ya ndege wenyewe. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliolinganisha hesabu za ndege mbuai zilizofanywa kando ya barabara nchini Kenya kati ya mwaka 1970 na 1977 na zile zilizofanywa kati ya mwaka 2003 na 2020, ukaonyesha kwamba kati ya spishi 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zikionekana kwa nadra kuliko zamani. Mwaka 2024 utafiti mwingine, uliokusanya takwimu za Afrika Magharibi, Mashariki na Kusini, ulichunguza spishi 42 za savana na kukuta kwamba 37 zimepungua katika muda wa miaka 20 hadi 40, upungufu ukiwa mkubwa zaidi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa. Maana yake ni kwamba tai na tumbusi wanageuka kuwa ndege wa hifadhini, na mtoto anayekulia kijijini huenda asimwone kamwe, juu ya paa la kwao, ndege ambaye babu yake alimwona kila siku bila kumjali. Kwa mtoto huyo kituo kinaweza kuwa mahali pa kwanza, na pengine pa pekee, pa kukutana naye.

Wapo wanaouliza, tena kwa haki, kama kuna faida yoyote ya kumtibu ndege mmoja mmoja wakati maelfu wanakufa. Kwa ndege wadogo wanaotaga mayai mengi na kufa mapema swali hilo lingekuwa gumu kujibu. Ndege mbuai wakubwa wana mwenendo tofauti wa maisha: tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja tu kwa msimu na huanza kuzaa akiwa na umri wa takriban miaka mitano, na tai mwenye kishungi wa misituni, ambaye kinda lake huendelea kuwategemea wazazi kwa miezi mingi baada ya kuanza kuruka, kwa kawaida hulea kinda moja kila baada ya miaka miwili. Spishi ya namna hii hustahimili miaka ya ukame na makinda kufa, lakini haistahimili vifo vya ndege waliokwisha kukomaa, kwa kuwa pengo la mmoja huchukua miaka mingi kuzibwa. Kumrudisha angani tai jike mwenye uwezo wa kuzaa ni kazi yenye uzito katika hesabu ya spishi, mradi asirudishwe kwenye hatari ileile iliyomleta.

Nchini Kenya kazi hiyo inafanywa na Kenya Bird of Prey Trust, taasisi yenye kituo kimoja Naivasha na kingine katika hifadhi ya Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Anayetembelea vituo vya namna hii hukuta kwamba sehemu kubwa ya ujuzi unaotumika humo ni wa kale kuliko udaktari wa mifugo wa kisasa, kwa sababu umetokana na sanaa ya kuwinda kwa kutumia kozi, ambayo watu wa Uarabuni na Asia ya Kati wameihifadhi kwa karne nyingi. Kumpima ndege uzito kila siku ili kujua kama ana njaa ya kutosha kuwinda; kumzoesha kurudi kwenye glavu ya ngozi; kumrusha akiwa amefungwa kamba ndefu ili misuli ya kifua iliyolegea kwa kukaa bandani ipate nguvu tena; kuunganisha unyoya ulionyonyoka wa ndege mwingine kwenye kishina cha unyoya uliovunjika, ili mgonjwa asingoje hadi manyoya mapya yaote: hizo zote ni mbinu za wawindaji. Si ajabu, basi, kwamba katika Ghuba kozi ana hospitali yake mahususi, iliyofunguliwa Abu Dhabi mwaka 1999, nayo hupokea wageni wanaokuja kuitembelea kama wanavyotembelea makumbusho.

Katika kila kituo wapo ndege wa aina mbili, na mgeni asipoelezwa tofauti yao hutoka na dhana potofu. Wa kwanza ni wagonjwa wanaotarajiwa kuachiwa. Hawa hufichwa mbali na macho ya watu, kwa maana ndege anayewazoea binadamu atawakaribia pia wale wenye manati na sumu. Wa pili ni wakaazi wa kudumu, ambao bawa limeunga vibaya au jicho limepofuka, ama waliokotwa wakiwa makinda na kulelewa na watu hata wakawadhania binadamu kuwa ndio jamaa zao. Hali hii ya mwisho, ambapo kinda hujifunza katika siku zake za mwanzo ni kiumbe gani alicho kwa kumtazama anayemlisha, kwa kawaida haifutiki: ndege aliyeipata huita watu, hupuuza wenzake wa spishi yake, na akikomaa anaweza kushindwa kabisa kupata mwenzi. Ndege anayeonekana mpole kuliko wote katika kituo mara nyingi ndiye aliyeharibiwa kuliko wote, na mwongozaji anayeuacha upole huo usifiwe bila kuueleza anawafundisha wageni kwenda kutafuta makinda ya kufuga.

Linalobaki ni majeraha, na hapa ndipo hoja ya toleo hili inapolalia. Chukua mfano wa nguzo ya umeme. Mti mkavu na nguzo, kwa macho ya tai au shakevale, ni vitu vilevile: mahali pa juu pa kukaa na kuvizia panya. Nguzo ya chuma au ya zege imeunganishwa na ardhi, kwa hiyo ndege aliyetua kwenye mkono wake akagusa waya kwa bawa huwa daraja la umeme, naye hufa papo hapo au huungua kiasi cha kupoteza bawa au mguu. Ndege mdogo hawezi kufikia waya kutoka pale alipotua. Mkubwa, mwenye mabawa yanayozidi mita mbili, hufikia bila kunyoosha sana. Dawa yake inajulikana: kuufunika waya kwa kihami karibu na nguzo, kuning'iniza nyaya chini ya mkono wa nguzo badala ya kuzipitisha juu yake, na kuzifunika transfoma. Gharama yake wakati laini inajengwa ni ndogo, lakini kuirudia laini iliyokwisha kujengwa ni kazi ghali, na kwa kuwa Afrika Mashariki inaendelea kwa haki kabisa kupeleka umeme vijijini, kila mwaka unaopita na muundo mbaya wa nguzo ni deni la miongo kadhaa. Kituo kinachompokea shakevale aliyeungua, kikaandika nguzo aliyookotwa chini yake, kikaipeleka orodha hiyo kwa wahandisi, kimefanya jambo ambalo maonyesho mia ya kuruka hayawezi kulifanya. Kwamba wahandisi wanaweza kusikiliza si ndoto: katika mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto, kaunti ya Kajiado, wamewekwa watazamaji wanaosimamisha mitambo pale tumbusi wanapokaribia.

Sumu ni habari nyingine, na ina uchungu zaidi kwa sababu tumbusi siye anayelengwa. Simba au fisi huua ng'ombe usiku. Mfugaji, aliyepoteza mali ambayo hakuna anayemfidia kwa wakati, hunyunyizia mzoga dawa ya wadudu. Asubuhi tumbusi hushuka kwa makumi, kwa kuwa mmoja akishuka wengine walio angani humwona na kumfuata. Majangili nao huweka sumu kwa makusudi ili tumbusi wasizunguke juu ya mzoga wa tembo na kuwaonyesha askari wa wanyamapori ulipo. Mwezi Juni mwaka 2019, nchini Botswana, tumbusi 537 walikutwa wamekufa kwenye mizoga ya tembo watatu waliouawa na majangili. Hakuna banda la matibabu linaloweza kukabiliana na idadi ya namna hiyo. Boma imara la kulaza mifugo usiku huokoa wengi zaidi, hata kama halina mvuto wowote wa kupigwa picha.

Historia ya kozi anayejulikana kisayansi kama Falco peregrinus inaimarisha hukumu hii. Katikati ya karne ya 20 ndege huyo alitoweka mashariki mwa Marekani kwa sababu DDT, dawa ya kuua wadudu iliyoingia mwilini mwake kupitia ndege aliowala, ilifanya maganda ya mayai yake kuwa membamba hata yakavunjika wakati wa kuatamiwa. Mwaka 1970 Tom Cade, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyekuwa pia mwindaji kwa kozi, alianzisha The Peregrine Fund ili kuwazalisha na kuwaachia, na leo kituo cha taasisi hiyo kilichoko Boise, jimbo la Idaho, hutembelewa na watu wengi. Kazi hiyo husimuliwa kama ushindi wa uzalishaji, na kweli ilihitaji subira kubwa. Lakini kama Marekani isingepiga marufuku DDT mwaka 1972, kila kozi aliyeachiwa angetaga mayai ya kuvunjika kama waliomtangulia. Spishi hiyo iliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini nchini humo mwaka 1999 kwa sababu kazi ya bandani na kazi ya sheria zilikwenda pamoja.

Kati ya makala za toleo hili, moja inatetea desturi ya kumweka bundi mkononi mwa mgeni, kwa hoja kwamba katika jamii nyingi zetu bundi ni ndege wa uchuro, sauti yake juu ya paa huhesabiwa kuwa tangazo la msiba, naye huuawa kwa sababu hiyo. Akishikwa, hofu huisha. Jarida limeichapisha kwa kuwa mwandishi wake amejenga hoja yake vizuri, ila mhariri hakubaliani naye. Bundi ni mnyama wa usiku, na kupokezanwa mikononi mchana kunamtesa. Isitoshe, anayemshika hujifunza kwamba anashikika, basi. Upo ushahidi mwepesi kuupata: vile vidonge vya manyoya na mifupa ambavyo bundi huvitema baada ya kumeng'enya mawindo, ambavyo mwanafunzi akivipasua kwa kibanzi hukuta mafuvu ya panya ndani yake. Mwanafunzi huyo ana la kumwambia mzazi wake mwenye ghala la mahindi, na anaweza pia kumweleza kwa nini sumu ya panya iliyomwagwa ghalani humfikia bundi kupitia panya anaowala. Vituo vinavyotenga siku za wanafunzi wa jirani kwa kiingilio kidogo, au bila kiingilio, ndivyo vyenye nafasi ya kuyapeleka mazungumzo hayo kwenye nyumba ambamo hatima ya bundi huamuliwa.