Bunduki mpya, risasi zitatoka wapi?

Mfanyabiashara wa Mabatini anayetaka bunduki ndogo aanze hesabu kwenye risasi. Mwaka 2024 Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .21 Sharp, iliyobuniwa kufaa vichwa visivyo na madini ya risasi, ambayo California iliyapiga marufuku katika uwindaji mwaka 2019. Shida hiyo ni ya kule. Ganda la aina hii hugongwa ukingoni, wala halijazwi tena; duka likiishiwa, bunduki ni mtaji uliolala. Risasi ya .22 LR iko sokoni tangu 1887, na viwanda vingi huitengeneza. Kwa kuwa sheria ya silaha ya 2015 inadai leseni, kosa la kuchagua halirekebishwi kwa siku moja. Mwenye mtaji mdogo achukue .22, hiyo mpya aisubiri.