Saidia Fundi Naye Sheria Inamtambua

Makamanda, kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ushauri kwa waliokosa nafasi ya kidato cha tano ni ule ule: nenda kajifunze umeme. Mjomba anausema, mchungaji anausema, mkuu wa wilaya anausema, na sisi wa upinzani tunausema jukwaani. Ni ushauri mzuri. Shida ni kwamba tukishautoa, tunageuka na kwenda zetu. Hakuna anayeuliza huyo kijana mwaka wa kwanza anafundishwa na nani, nani anawajibika siku akipigwa na umeme, na mwaka ukiisha anabaki na karatasi gani mkononi.

Mimi nasoma sheria Iringa, nyumbani ni Mbeya. Barabara hiyo naipita kila likizo, na nikiangalia nje ya basi kuanzia Mafinga hadi Uyole naona nguzo mpya na nyumba mpya za bati. Kazi ipo. Mikoa yetu si migeni kwenye umeme. Mtera, megawati 80, iko mpakani mwa Iringa na Dodoma. Kihansi, megawati 180, inakula maji ya milima ya Udzungwa. Njia kubwa ya kilovoti 400 kwenda Shinyanga inaanzia Iringa, na ile ya kuelekea Zambia imepangwa kupita Kisada, Mbeya hadi Tunduma. Vijijini REA wanaunganisha kwa shilingi 27,000. Serikali inajisifu kwamba vijiji vyote 12,318 vimefikiwa na sasa ni zamu ya vitongoji.

Sawa, tukubali hesabu yao. Lakini ile 27,000 inaishia kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani, yaani soketi, swichi, taa na waya wa ardhi, ni juu ya mwenye nyumba na fundi wake. Na ukiingia kwenye hiyo nyumba wakati kazi inaendelea, anayetindua ukuta na anayepanda darini mara nyingi si yule fundi mliyeelewana naye bei. Ni saidia fundi. Ni kijana wa miaka 17 au 19, mwaka wake wa kwanza.

Kijana huyu ana njia mbili za kujifunza. Ya kwanza ni chuo. VETA ipo Mbeya na ipo Iringa, na ada yake tunayoijua ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, ukiacha sare, vifaa na michango mingine. Mwanafunzi anaanza ngazi ya kwanza ya tuzo ya taifa ya ufundi stadi, kisha ya pili na ya tatu. Mwaka wa kwanza ukifundishwa inavyotakiwa, kitu kikubwa anachojenga ni mazoea: kabla hujagusa, zima, ukishazima, funga na weka alama ili mwingine asiwashe, pima kwa kifaa ulichokihakiki, hakikisha hakuna umeme, ndipo uguse. Anajifunza kupima kama waya una mwendelezo, kama ganda la waya halivujishi, kama waya wa moto na wa nyutro haikubadilishwa, na kama nguzo ya ardhi inafanya kazi kweli. Kwetu huku, kwenye mvua na radi za Nyanda za Juu, waya wa ardhi si pambo.

Njia ya pili ni mtaani. Huku hakuna ada, na ndiyo maana wengi wanaichagua. Unamfuata fundi Mwanjelwa au Ipogolo, unabeba begi lake, unatindua kuta miezi sita, unapewa nauli na ugali wa mchana. Sidharau njia hii hata kidogo. Mafundi wengi hodari wa nchi hii wamepita humo, na wapo wanaofundisha kwa moyo kuliko walimu wa darasani. Lakini ni njia isiyo na mkataba, isiyo na buti, isiyo na glavu, na isiyo na kumbukumbu. Utasikia mafundi wanatania kwamba umeme usipokupiga hujaiva. Jamani, hiyo ni volti 230. Kile kifaa cha kukata umeme unapovuja kimewekewa milliampea 30 kwa sababu zaidi ya hapo moyo wa mtu uko hatarini. Umeme wa kiasi hicho ni mdogo, ila unatosha kumzika mtu.

Mdogo wangu wa kiume alipita njia hii ya pili. Fundi wake, ambaye simtaji na hakuwa mtu mbaya, alimwambia amalizie soketi za chumba cha uani. Mwingine aliyekuwa mbele ya nyumba akawasha. Dogo alirushwa hadi ukutani, kiganja kikaungua, akakaa nyumbani wiki tatu. Gharama za hospitali alilipa mama kwa pesa ya viazi. Fundi alileta sukari kilo mbili na pole. Hakuna aliyeandika popote kwamba siku ile, kwenye nyumba ile, kijana yule alikuwa kazini.

Sasa nifungue vitabu kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, kifungu cha 5, inakataza kumweka mtu chini ya miaka 18 kwenye eneo la kazi lenye mazingira hatarishi, hata kama eneo lenyewe si rasmi. Kifungu hicho hicho kinaacha mlango kwa ajili ya mafunzo, lakini kwa masharti: afya, usalama na maadili ya kijana yalindwe kikamilifu, na awe amepata au anapata mafunzo mahususi ya kazi hiyo. Someni tena hapo. Sheria haisemi "akiwa anajifunza, basi chochote ruksa". Inasema kujifunza kunaongeza wajibu wa kumlinda.

Njoo kwenye Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, ya mwaka 2008, iliyozaa mfuko wa WCF ulioanza kazi mwaka 2015. Ukisoma tafsiri ya neno "mfanyakazi" mle ndani, aliye kwenye mkataba wa uanagenzi ametajwa. Kwa hiyo mwanagenzi si mgeni wa sheria hii. Akiungua kiganja kazini, anastahili kuhesabiwa kama mfanyakazi aliyeumia, na sukari kilo mbili si fidia.

Mtaniuliza, sasa kwa nini haimfikii? Kwa sababu mfuko unachangiwa na mwajiri aliyesajiliwa, na fundi wa mtaani hajasajiliwa popote. Hapo ndipo watu wanapokata tamaa na kusema sekta isiyo rasmi haina dawa. Mimi nasema dawa ipo, na iko kwenye karatasi ambayo kila nyumba inayoomba umeme inaipitisha.

Chini ya Sheria ya Umeme, Sura ya 131, kazi ya kufunga umeme majengoni inahitaji leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja kulingana na aina ya kazi. Ndiyo maana ukienda kuomba kuunganishwa, TANESCO wanataka kazi iwe na mkandarasi mwenye leseni aliyeithibitisha. Kinachotokea mtaani sote tunakijua: nyumba inafungwa na fundi asiye na leseni pamoja na saidia fundi wake, kisha anatafutwa mwenye muhuri, analipwa chake, anagonga. Wengine hata hiyo nyumba hawajawahi kuiona.

Pendekezo langu ni jepesi. Kwenye ile fomu ya mkandarasi ongezwe sehemu moja: majina ya wote waliofanya kazi, wakiwemo wanagenzi, na siku walizofanya. Anayegonga muhuri awe amekiri kwamba hao walikuwa chini yake. Basi.

Angalieni mstari huo mmoja unafanya nini. Kwanza, unampata mwajiri. Mkandarasi aliyekiri kwamba kijana alikuwa chini yake hawezi kesho kusema hamjui, na mwanasheria wa kijana anakuwa na pa kuanzia. Pili, unaifanya biashara ya kuuza muhuri iwe na gharama, kwa sababu sasa anauza pamoja na dhamana ya watu. Tatu, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi, unampa kijana kumbukumbu. VETA wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza nje ya chuo. Kijana mwenye fomu 20 zenye jina lake anaingia kwenye tathmini hiyo akiwa na ushahidi, si maneno matupu ya "nimefanya kazi na fundi fulani".

Najua pingamizi litakalokuja: wakandarasi wataacha kugonga mihuri, bei itapanda, mwananchi wa Kilolo au Rungwe atashindwa kuvuta umeme. Ni hoja ya maana na siipuuzi. Gharama ya usalama lazima ilipwe na mtu. Leo inalipwa na mama wa saidia fundi. Ninachosema ni kwamba ipo hela ambayo tayari tumeshakusanya kwa kazi hii, ila inakwenda kwingine.

Hela hiyo ni tozo ya kuendeleza ujuzi, ile mnayoisikia kama SDL. Waajiri wanailipa kwa asilimia ya mishahara. Ilikuwa 6%, mwaka 2013 ikashuka hadi 5%, mwaka 2016 ikawa 4.5%, na mwaka 2023 ikafika 3.5%. Kuishusha si dhambi, waajiri wamelalamika miaka mingi. Kinachouma ni mgawanyo. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo imekuwa ikielekezwa VETA, na theluthi mbili zinaingia kapu kubwa la Hazina. Tozo yenye jina la ujuzi, iliyowekwa kwenye Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, Sura ya 82, inawafikia wenye ujuzi ikiwa imeshapita kwa wengine. Hata nusu yake ingetosha kuanza na vifaa vya kinga kwa kila mwanagenzi aliyeandikishwa, na ruzuku kwa mkandarasi mdogo anayekubali kuchukua wanafunzi.

Wakenya jirani zetu, sheria yao ya mafunzo ya viwandani, Sura ya 237, inataka mkataba wa uanagenzi uandikwe na usajiliwe. Mwajiri anachangia shilingi 50 za Kenya kwa mfanyakazi kwa mwezi. Ujerumani walikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2020 sheria iliweka kima cha chini cha posho ya mwanagenzi, na mwaka ule wa kwanza ilikuwa euro 515 kwa mwezi, ikipanda kila mwaka wa mafunzo. Sisi si Ujerumani, najua. Lakini VETA wenyewe walishirikiana na Chemba ya Ufundi ya Hamburg kuleta mfumo wa kusoma chuoni na kazini kwa zamu, wakaanzia Dar es Salaam, Dodoma na Moshi. Na Mwongozo wa Taifa wa Uanagenzi upo tangu 2017. Kwa hiyo wanajua namna ya kufanya. Swali ni kwa nini mwongozo unabaki mwongozo na haugeuki kuwa haki ambayo kijana anaweza kuidai mahakamani.

Serikali itajibu kwa majengo. Inajenga vyuo 64 vya wilaya na kimoja cha mkoa wa Songwe. Majengo tunayahitaji, na binti wa Makete asilazimike kupanga chumba Mbeya mjini ili asome umeme. Lakini jengo halimfundishi mtu kupima waya. Linahitaji mwalimu, linahitaji vifaa, na linahitaji mkandarasi wa kumpokea mwanafunzi anapokwenda fildi. Mkikutana na mbunge anayekata utepe, mwulizeni hayo matatu.

Na sisi wenyewe, makamanda? Tukizungumzia vijana na ajira, picha iliyo kichwani kwetu ni mhitimu wa chuo kikuu mwenye joho na bahasha. Ni kilio cha haki, na mimi mwenyewe nitakuwa kwenye foleni hiyo karibuni. Ila kwa kila mhitimu mwenye bahasha kuna saidia fundi wangapi Soweto, Kihesa, Makambako? Hao hawana serikali ya wanafunzi wala chama cha wafanyakazi. Wakati wa mikutano ndio wanaotufungia spika na taa, halafu ilani ikisomwa hawamo.

Tunapodai katiba mpya, tudai na fomu mpya. Kila tawi la vijana Mbeya na Iringa liwe na orodha ya wanagenzi wa eneo lake. Wenzetu wanaosoma sheria, tukae nao Jumamosi moja tuwaeleze kifungu cha 5 na Sura ya 263 kwa Kiswahili cha kawaida. Viongozi wetu wapeleke EWURA na TANESCO barua moja yenye ombi moja: mstari wa majina kwenye fomu. Hauhitaji bajeti wala kibali cha mkutano, na akiukataa mtu, atalazimika kutueleza kwa nini hataki jina la kijana lionekane kwenye kazi aliyoifanya kwa mikono yake.