Majaji Wahesabiwe, Lakini kwa Makini

Wapo wadaio kwamba kuzihesabu kura za majaji ni kuidhalilisha mahakama. Siafikiani nao. Katika kikao cha mwaka wa 2002 cha Mahakama ya Juu ya Marekani, watafiti waliishindanisha programu ya tarakilishi na mabingwa wa sheria katika kutabiri hukumu. Programu ilizingatia mambo sita tu, kama vile rufani ilikotoka na aina ya suala. Ilipatia asilimia 75. Mabingwa, pamoja na usomi wao wote, 59.

Hata hivyo, jedwali halijisomi. Tuitazame Mahakama yetu ya Juu, yenye viti saba. Kesi ya kupinga uchaguzi wa urais ilitupwa kwa kauli moja mwaka wa 2013, ikakubaliwa kwa kura 4 dhidi ya 2 mwaka wa 2017, kisha ikatupwa tena kwa kauli moja mwaka wa 2022. Mara mbili za kwanza walioamua walikuwa sita. Mwaka wa 2013 kiti cha Naibu wa Jaji Mkuu kilikuwa wazi. Mwaka wa 2017 jaji mmoja aliugua kesi ikiendelea. Mjazaji mwenye pupa ataandika sufuri pote pawili, na ugonjwa utageuka kuwa msimamo!

Hukumu zenyewe, ambazo aghalabu ni za Kiingereza, zimewekwa wazi mtandaoni. Daftari la kuzihesabu kwa Kiswahili laweza kuanzishwa na wanafunzi wawili wenye subira, bila idhini ya yeyote.