Vifaranga wapya wasiingie bwawani siku hiyohiyo

Vijana wenzangu wa Turiani, leo nasema bila kuzunguka: vifo vingi ninavyoitwa kuviangalia kwenye mabwawa ya perege tunavileta wenyewe, ndani ya mfuko wa vifaranga.

Hivi karibuni kijana mmoja alinipigia simu asubuhi. Samaki wake walikuwa wanahema juu ya maji, wengine wana utando mweupe kama pamba na mapezi yameliwa. Wiki moja nyuma alikuwa amechanganya vifaranga wapya na samaki waliobakiza mwezi mmoja tu kuvunwa. Swali lake: "Afisa, niweke dawa gani?"

Tupige hesabu. Bwawa la mita 20 kwa 15, kina mita 1, lina lita 300,000. Ukitaka chumvi gramu 3 tu kwa lita, unahitaji kilo 900, yaani mifuko 18 ya kilo 50. Halafu maji hayo utayafungulia wapi? Kwenye mpunga wa jirani? Lakini ndoo ya lita 20 inataka gramu 200 tu kupata gramu 10 kwa lita. Unaogesha vifaranga wachache wachache kwa dakika 10, na wakianza kupinduka unawatoa hapohapo. Wafugaji wa samaki wa baharini wa mapambo hufanya kinyume: huwachovya kwenye maji baridi. Kanuni ni ileile, kimelea hashindi mabadiliko ya ghafla ya chumvi kama samaki anavyoyashinda.

Kuogesha peke yake hakutoshi. Waweke karantini wiki tatu, kwenye simtanki au kibwawa cha turubai. Badilisha robo ya maji kila siku, na maji machafu yamwage mbali na mfereji. Kimia na ndoo za karantini zisiguse bwawa kubwa. Na hapa ya wavu ndani ya bwawa lilelile siyo karantini, jamani! Maji ni yaleyale.

Wengine mnakimbilia oksitetrasaiklini duka la pembejeo. Dawa hiyo haiui virusi wala kimelea, na ukiizoesha, bakteria watakuwa sugu na samaki ataliwa na mtu. Mwaka 2017 FAO ilitoa tahadhari kuhusu virusi vya perege viitwavyo TiLV, na hivyo havina dawa. Ukiviingiza bwawani, umekwisha.

Najua mtasema wiki tatu ni nyingi, mteja anasubiri. Sawa. Lakini perege hukaa bwawani miezi sita au zaidi. Ukishindwa kusubiri siku 21 mwanzoni, unaweka miezi yote hiyo rehani.

Mkiona samaki wanajisugua au wamesusa chakula, piga simu siku hiyohiyo, kabla hujamwaga chochote majini.