Mageuzi Yafike Ofisi ya Mwalimu Mkuu

Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa mwezi wa Desemba 1991, wengi wetu tuliamini kwamba kazi iliyosalia ni kuiondoa KANU Ikulu na kulijaza Bunge watu wapya. KANU ilishindwa mwaka wa 2002, na Katiba mpya ikazinduliwa mwezi wa Agosti 2010. Hata hivyo, kipo kiti kimoja cha mamlaka ambacho vuguvugu letu halikukitazama vya kutosha, nacho ni kile cha mwalimu mkuu. Mbele ya kiti hicho ndipo mwananchi anapojifunza kwa mara ya kwanza iwapo aliye juu huulizwa maswali au huogopwa tu, na iwapo pesa za umma hutolewa hesabu au humezwa kimya kimya.

Utawala wa chama kimoja uliufahamu ukweli huu mapema. Watoto walitolewa madarasani wakapangwa kando ya barabara kuupungia mikono msafara wa Rais. Walimu wakuu walitakiwa kukusanya michango ya harambee ambayo ilikuwa ya hiari kwa jina tu. Mwalimu aliyenung'unika alijua kwamba barua ya uhamisho ingeweza kumfikia kabla ya muhula kwisha. Mwaka wa 1988 taifa zima lilipoamriwa kupanga mlolongo nyuma ya wagombea, jambo ambalo Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) lilikuwa limelipinga tangu 1986, wananchi wengi walitii. Nidhamu ya foleni na hofu walikuwa wamefunzwa tangu utotoni.

Walimu wenyewe hawakuikubali hali hiyo milele. Chama chao cha kitaifa, KNUT, kilichoasisiwa mwaka wa 1957, kiliitisha mgomo mkubwa mwezi wa Oktoba 1997 chini ya Katibu Mkuu wake, Ambrose Adeya Adongo. Uchaguzi ukiwa umebisha hodi, serikali ilikubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 ambayo ingelipwa kwa awamu 5. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ulipopita, serikali ilidai kuwa haina uwezo, na mwaka wa 1998 walimu wakagoma tena. Kwa migomo hiyo walimu waliwafundisha Wakenya kwamba ahadi ya serikali ni deni, na deni hudaiwa.

Lakini mshahara ni nusu tu ya maisha ya kazi. Mwalimu yule yule aliyeandamana barabarani bila woga hurejea katika majilisi na kunyamaza mbele ya mkuu wake. Mkutano wa walimu huitwa ili maagizo yasomwe. Anayeuliza juu ya zabuni ya chakula huitwa mchochezi. Mwalimu mchanga aliyeajiriwa kwa mkataba mfupi, kama wale wa shule za sekondari ya msingi waliogoma mwaka wa 2024 wakidai ajira ya kudumu, huupima ulimi wake zaidi ya wote. Hapo ndipo husikika methali ya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hatuna ugomvi na methali hiyo. Tunauliza tu ni guu la nani huvunjika pale mkuu mwenyewe anapokataa kusikia.

Sheria haiko upande wa ukimya huo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 iliweka Bodi ya Usimamizi katika kila shule ya umma. Humo walimu wana mwakilishi wanayemchagua wenyewe, wazazi na jamii wana wajumbe wao, na baraza la wanafunzi nalo lina mwakilishi. Mwalimu mkuu ni katibu wa bodi hiyo. Si mwenyekiti wake, wala si mmiliki wa shule. Lakini ziko bodi ambazo wajumbe wake hukutana ili kutia sahihi yaliyokwisha kuamuliwa, kisha hunywa chai na kwenda zao.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba mwalimu mkuu naye amebanwa. Pesa za serikali huchelewa, ilhali wanafunzi hula kila siku. Mwenye duka hudai, mzazi hulalamika, na mwanasiasa huja na hundi ya hazina ya maeneo bunge akitaka jukwaa na makofi, kana kwamba fedha zile zimetoka mfukoni mwake. Mkuu anayetawala peke yake huubeba mzigo huo peke yake. Anayebandika hesabu za shule ukutani, akaingia darasani kufundisha kama wenzake, na kuwaacha walimu wamkosoe mkutanini bila kulipiza kisasi, hupata watetezi siku ya dhiki.

Sasa tunageukia makanisa, kwa kuwa ndiyo yaliyotufungulia milango wakati kumbi nyingine zilipofungwa. Tangu Sheria ya Elimu ya 1968 makanisa yamekuwa wafadhili wa shule walizozianzisha, na sheria ya 2013 inampa mfadhili viti 3 katika bodi. Je, wanaovikalia huchaguliwa kwa ujuzi na uadilifu, au kwa kuwa ni marafiki wa kasisi? Na tunaposikia kwamba waumini wamefunga lango la shule kwa kufuli kwa sababu mwalimu mkuu aliyetumwa si wa dhehebu lao au si wa kabila lao, tunahuzunika. Hatukupinga ukabila Ikulu ili tuupe hifadhi madhabahuni.

Basi tunawaomba wasomaji wetu mambo matatu muhula huu. Wazazi wahudhurie mkutano wa shule na waombe kuonyeshwa hesabu. Walimu wamchague mwakilishi wao kwa kura ya siri, nao wamlinde anaposema. Makanisa yawataje hadharani wajumbe wao 3, na yawatake watoe ripoti mbele ya waumini angalau mara moja kila mwaka. Mambo haya hayahitaji kibali cha chifu wala maandamano hadi Uhuru Park. Yanahitaji watu waliochoka kuogopa kufika katika shule iliyo karibu nao, wakae kitini, na waulize.