Mashine ya kukata vyuma isiachwe ioze stoo

Wakazi wa Kisumu hawahitaji kukumbushwa habari za ajali. Mnamo Oktoba 10, 2018, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka karibu na Fort Ternan na watu zaidi ya 50 wakafariki. Juni 30, 2023, lori liliwavamia wachuuzi na abiria katika makutano ya Londiani, na idadi ya waliokufa ikapita 50 tena. Kisha Agosti 2025 msiba ukatufikia mlangoni. Basi lililobeba waombolezaji waliokuwa wakirejea kutoka mazishini lilipinduka katika mzunguko wa Coptic, hapa hapa mjini, na kuua zaidi ya watu 20.

Baada ya kila mkasa wa aina hii huzuka mjadala ule ule kuhusu madereva, mwendo wa kasi, polisi na hali ya barabara. Yote hayo yastahili kusemwa. Lakini kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ni la kitabibu kuliko linavyoonekana: mtu aliyebanwa ndani ya gari lililokunjamana hutolewa kwa chombo gani, na chombo hicho kiko katika hali gani?

Jibu la kawaida twalijua. Hutolewa kwa mtaimbo, jeki ya matatu, kamba na mikono ya watu wenye huruma. Nawaheshimu watu hao, maana aghalabu ndio wa kwanza kufika. Hata hivyo, majeruhi akivutwa kwa mabega huku miguu ingali imenaswa chini ya dashibodi, uti wa mgongo uliokuwa na ufa tu waweza kukatika kabisa. Anayefikishwa hospitali kuu, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia, huwa amejeruhiwa mara mbili.

Ndiyo sababu zikabuniwa mashine za kukata na kutanua vyuma. Mkasi wake hufumbatwa na mafuta mazito yanayosukumwa na pampu yenye injini ndogo ya petroli. Pamoja nao huwa na taya za kupanulia mlango, na msumeno wa diski wa kukatia nondo na zege. Siku hizi zipo pia zinazotumia betri, lakini za injini bado ni nyingi.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kazi ya zimamoto na kukabiliana na majanga ni ya serikali za kaunti. Na kaunti zetu hupenda sana kununua. Mashine mpya huzinduliwa kwa hotuba na picha. Kinachofuata hakipigwi picha: mashine huwekwa stoo, tangi likiwa na petroli, hadi siku ya ajali. Siku hiyo inavutwa kamba mara 20 na injini haikohoi hata kidogo.

Mimi si makanika, lakini sababu yake si fumbo. Petroli iliyokaa miezi mingi huharibika na kuacha utando kama gundi ndani ya kabureta. Hewa ya ziwa nayo ina unyevu unaoleta kutu. Mashine ya namna hii yafaa iwashwe kila wiki, tena si kuungurumishwa tu bali kufanyishwa kazi: taya zifunguliwe na kufungwa, mkasi ukate kipande cha chuma chakavu. Mafuta ya zamani yamwagwe na kuwekwa mapya. Baada ya kazi taya zisifungwe zikakaza, bali ziachwe wazi kidogo ili msukumo ulegee. Diski za kukatia nazo zina tarehe ya mwisho kama dawa. Zile zilizogandishwa kwa gundi hudhoofika zikilala karibu na petroli au mahali penye unyevu, na diski iliyodhoofika hupasuka ikizunguka kwa kasi. Nimewahi kushona uso wa fundi aliyepigwa na kipande chake, na kama kingepita sentimita mbili juu zaidi angelikuwa kipofu.

Kinachonitia hofu zaidi kama daktari ni mipira ya kupitishia yale mafuta mazito. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa kiasi cha ba 2. Mafuta katika nyingi ya mashine hizi hufika ba 700. Kukiwa na tundu dogo kama la sindano, yatoka kwa kasi ya kupenya ngozi, na hata glavu haizuii. Yakishaingia hutembea kando ya mishipa ya kidole hadi kiganjani, yakiua nyama njiani.

Hatari yake ni kwamba mwanzoni jeraha halitishi. Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana kutoka upande wa mashamba ya miwa. Alikuwa amepapasa mpira wa trekta kwa kidole ili ajue mafuta yanavujia wapi. Kliniki moja aliyoiendea kwanza ilimdunga sindano ya pepopunda, ikampa vidonge vya maumivu na kumwambia arudi kazini. Nilipomwona siku ya tatu, kidole kilikuwa cheusi. Hakikuokolewa.

Msomaji, hasa wewe unayefanya kazi gereji au na matingatinga, shika jambo hili. Mafuta yakikupenya kwa nguvu, hata kama ni kijitundu kisichotoa damu na hakiumi, ni dharura ya upasuaji. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji mara moja, kabla hazijapita saa 6, na umweleze waziwazi kilichoingia na kwa mashine gani. Usikande, usikamue, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa za maumivu pekee. Na anayetafuta mahali mpira unapovuja atumie kipande cha kadibodi, asitumie mkono.

Moshi wa injini ni hatari nyingine. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, nayo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Pampu ikiwekwa mlangoni mwa jengo lililoporomoka, inamvutisha sumu yule yule inayotaka kumwokoa. Ikae nje, upande ambao upepo unatoka kwa majeruhi kuielekea.

Kuongeza petroli injini ikiwa ingali moto sijui niiteje, ila vichomi vyake nimevitibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi upate cheche. Hapa jirani, Malanga, Kaunti ya Siaya, Julai 2021, watu zaidi ya 10 waliteketea wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Kwa hiyo mahali palipomwagika petroli, msumeno wa diski unaorusha cheche usiguswe. Hapo patumike mkasi, na mtu mmoja asimame na kizimamoto mkononi bila kazi nyingine.

Masikio nayo husahaulika. Kanuni zetu za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini haziruhusu mfanyakazi asikizishwe zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8 kwa siku, na msumeno wa zege huzidi kiwango hicho kwa mbali. Vumbi la zege lina silika, ambayo huharibu mapafu polepole na bila kurudi nyuma. Miwani, vizibo vya masikio na barakoa nzuri kwa pamoja hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mashine.

Sasa nije kwenye lile ambalo waokoaji wengi hawajaambiwa. Jengo lilipoporomoka Huruma, Nairobi, Aprili 29, 2016, watu walitolewa wakiwa hai hata siku ya 6. Ilikuwa furaha, lakini pia ni saa ya kuogopwa. Mwaka 1941 madaktari wa London, Bywaters na Beall, waliandika kuhusu watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya mabomu. Walionekana wazima, kisha figo zao zikakoma kufanya kazi na wakafa. Nyama ya mguu iliyobanwa kwa muda mrefu hufa na kujaa sumu, pamoja na madini ya potasiamu. Chuma kikiinuliwa, sumu hiyo hukimbilia moyoni na kwenye figo. Majeruhi aliyekuwa akiongea na kuomba maji huzimika mikononi mwa waliomwokoa, nao hubaki wakijiuliza wamekosea wapi.

Basi mtu akiwa amebanwa mguu kwa saa moja au zaidi, mhudumu wa afya aitwe kabla ya kukata. Maji ya chumvi yapitishwe mshipani kwanza, ndipo chuma kiinuliwe. Hili lataka kikosi cha zimamoto na hospitali wawe wamefanya mazoezi pamoja, wanajuana kwa majina na nambari za simu. Ni jambo la kushangaza kwamba katika miji yetu mingi watu hawa wawili hukutana kwa mara ya kwanza juu ya maiti.

Nitaulizwa, na vijana wa Nyalenda je? Kando ya Ring Road kila hatua chache utamkuta fundi wa kuchomelea na grainda yake. Ajali ikitokea, yeye ndiye atakayeitwa, maana yuko karibu kuliko gari la zimamoto. Kumkataza ni kujidanganya. Afundishwe. Akipewa siku mbili tu atajua kwamba betri ya gari hutenganishwa kwanza, kwamba kwenye magari ya umeme nusu yanayozidi kuingia kutoka Japani nyaya za rangi ya chungwa hazikatwi kamwe, kwamba mfuko wa hewa ambao haujafumuka waweza kufumuka usoni pake, na kwamba majeruhi hufunikwa blanketi nzito kabla ya cheche ya kwanza. Kazi nyingine ya mikono anaijua kuliko mimi.

Kuna watakaosema pesa hazipo. Pesa za kununua zilipatikana. Zinazokosekana ni za petroli ya kila wiki, mipira mipya, diski, na marupurupu ya mtu wa kuiwasha. Hizo hazitoshi kuzinduliwa na mheshimiwa yeyote, na nadhani ndiyo sababu hazitengwi.

Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria yataka wananchi wasikizwe. Mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wakiuliza habari za barabara na basari. Mwaka ujao, mmoja wenu asimame aombe kuonyeshwa daftari la mashine ya kukata vyuma: iliwashwa lini mara ya mwisho, na nani, ilikata nini, mipira yake ni ya mwaka gani. Kama daftari halipo, aombe mashine yenyewe iletwe pale uwanjani na ivutwe kamba mbele ya watu.